Nyumba Imeoza

Kwanza nijiseme mwenyewe, nisimwachie mtu mwingine kazi hiyo. Mimi, Ghalia, mzaliwa wa Mkunazini, Unguja, nilikuwa na kiburi cha lugha. Kwetu tulilelewa tukiamini kwamba Kiswahili kimetokea mlangoni petu, na kwamba wengine wote wamekiazima tu, tena wanakirudisha kimechanika. Nilipopata cheti cha ukalimani hapa London, mwaka 1996, nilikitia kwenye fremu nikakitundika sebuleni, juu ya televisheni. Msabaha, mume wangu, alisema sasa mtu hawezi kutazama taarifa ya habari bila ya kupiga saluti kwanza.

Kazi yangu ilinizungusha magharibi yote ya London, kutoka Hounslow hadi Harrow, zahanati hii na hospitali ile. Wazanzibari walikuwa hawanihitaji sana. Wengi walikuwa na Kiingereza chao, na asiyekuwa nacho alikuwa na mtoto wa kumsemea. Walionihitaji ni Wakongo wa mashariki, waliokuja wakikimbia vita. Kiswahili chao kilikuwa na "njo" mahali pa "ndiyo", na "eko" mahali pa "yuko", na "mutu" mahali pa "mtu", na mimi nikirudi nyumbani nilikuwa nikimwigizia Msabaha, tunacheka. Ndiyo, tulicheka. Najua si jambo la kujivunia, lakini nikilificha hutaelewa ilikuwaje mtu mwenye cheti kwenye fremu akafanya nililofanya.

Siku yenyewe ilikuwa ya Februari 2003, baridi ya kukata masikio, na mimi nilikuwa kwa Daktari Kailash, Hounslow. Daktari Kailash alizaliwa Kisumu, akaletwa Uingereza akiwa na miaka tisa, na Kiswahili alichobaki nacho kilikuwa "polepole, mama" na "chai moto". Alikuwa mtu mwema mwenye haraka. Kila mgonjwa alikuwa na dakika kumi zake, na panapokuwa na mkalimani, nusu ya dakika hizo huliwa na tafsiri.

Akaingia mama mmoja Mkongo, wa Uvira, jina lake Anne-Marie, koti limefungwa juu ya sare ya kazi. Alikuwa akifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, na hapo alikuwa ametoka zamu ya alfajiri. Alimshika mkono bintiye, Gloire, mtoto wa miaka sita aliyezaliwa hapa hapa Hounslow. Mtoto alikuwa na pumu. Kifua chake tulikisikia kikilia kabla hajakaa. Daktari akatazama kompyuta yake: dawa imeongezwa mara tatu tangu Oktoba, na mtoto hapati nafuu.

"Muulize mambo ya nyumbani yakoje," akaniambia.

Nikamgeukia Anne-Marie. "Daktari anataka kujua, hali ya nyumbani vipi, dada?"

Anne-Marie akashusha pumzi, mabega yakalegea. "Mama, asante kwa kuuliza hiyo. Hakuna mutu aliniuliza. Nyumba yetu imeoza. Ile nyumba njo inatuua."

Sasa nisikilize vizuri. Kwetu Unguja, mtu mzima akisema nyumba yake imeharibika, hatumtafutii fundi wa kupiga lipu. Nyumba ni ndoa. Fulani kavunja nyumba ya fulani. Fulani nyumba imemshinda, karudi kwao. Mwanamke mwenye haya zake hasemi mume wangu ananitesa, atasema nyumba ina mambo. Kwa hiyo mimi niliyasikia maneno ya Anne-Marie na nikajiona nimeelewa vizuri mno, tena nikamwonea huruma kwa jinsi alivyojisitiri.

Nikamuuliza kwa sauti ya chini, "Na mumeo je?"

"Fortunat? Fortunat anapigana. Kila siku anapigana, anapigana, mpaka anachoka. Lakini mutoto njo anaumia zaidi."

Nikamwambia daktari kwa Kiingereza kwamba ndoa ya mama huyu imeoza na inawaua, kwamba mume ni mgomvi na humpiga kila siku, na kwamba mtoto ndiye anayeumia zaidi. Nilitafsiri kwa ufasaha. Hata sauti niliitia huzuni kidogo.

Daktari Kailash akaacha kuandika. Haraka yake yote ikaisha. "Muulize kama anaogopa."

"Unaogopa, dada?"

"Sana. Juu ya huyu mutoto, naogopa sana."

"Muulize kama atakubali mtu aje nyumbani kuwaona."

Nilipomfikishia swali hilo, Anne-Marie alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Aje. Aje aone mwenyewe." Akamshukuru daktari, akanishukuru na mimi, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Mikono ilikuwa imekauka kwa sabuni za kazini.

Jioni ile nilimwambia Msabaha, bila ya kutaja jina, kwamba leo nimemwokoa mtu. Akaniuliza kama niagiziwe fremu ya pili.

Wiki tatu baadaye nikaitwa kukalimani nyumbani kwa Anne-Marie. Aliyeniita ni afisa wa ustawi wa jamii, bibi wa Kiingereza mwenye mkoba mkubwa na sauti laini. Yeye si mtu mbaya, na sitaki mtu amfikirie vibaya kwa ajili yangu. Tulikutana kituo cha basi, tukatembea pamoja, ndege zinapita juu yetu kila baada ya dakika mbili, chini kiasi cha kuyaona magurudumu. Familia ilikuwa ikiishi ghorofa ya juu ya duka la masanduku ya safari. Ngazi zilikuwa nyembamba, na harufu ikatupokea kabla ya wenyeji.

Harufu yenyewe ni ya kitambaa kilichosahauliwa ndani ya ndoo. Fortunat ndiye aliyefungua mlango. Alikuwa mtu mrefu, msafishaji wa ndege Heathrow, amevaa glavu za mpira na mkononi ana brashi ngumu. Nyuma yake ilikuwepo ndoo ya maji ya dawa. "Karibuni, karibuni, muone," akasema, akatuongoza moja kwa moja chumbani kwa furaha, akiamini tumetumwa kwa ajili ya ukuta.

Ukuta ulikuwa mweusi. Kuvu lilianzia chini, pembeni mwa dirisha, likapanda mpaka darini, na pale alipokwisha kusugua palibaki rangi ya kijivu iliyotoa maji. Kitanda cha mtoto walikivuta katikati ya chumba ili kisiguse ukuta wowote. Nguo walizitia kwenye mifuko ya plastiki iliyofungwa fundo. Nilisimama pale, na nilikuwa nimeanza kujua.

Afisa akamwomba Fortunat kwa heshima atupishe, aende jikoni. Fortunat akanitazama, hajaelewa, lakini akaenda. Afisa akaketi ukingoni mwa kitanda, akafungua daftari. "Muulize mumewe ameanza kumpiga tangu lini."

Mimi sikuuliza hivyo. Nilimuuliza Anne-Marie swali langu mwenyewe, jambo ambalo mkalimani haruhusiwi kulifanya. "Dada, siku ile kwa daktari ulisema nyumba imeoza. Nyumba gani?"

Akanishangaa. "Nyumba gani tena? Hii." Akapitisha kidole ukutani, akanionyesha. Kidole kilikuwa cheusi.

"Na mumeo anapigana na nini?"

"Na hii. Kila siku akitoka kazi anasugua, na inarudi. Mwenye nyumba tulimuita, akatuambia tufungue madirisha, tusianike nguo ndani, tupike kidogo. Tupike kidogo, mama, na mutoto atakula nini?"

Niliona aibu iliyonishuka mpaka miguuni. Nikamgeukia afisa, nikamwambia kwamba mama anasema hapigwi, hajawahi kupigwa, tatizo ni kuta. Yote yalikuwa kweli. Afisa akatikisa kichwa taratibu, akaandika, kisha akanieleza kwa upole kwamba wanawake wengi hukanusha mume akiwa chumba cha pili. Tena, alisema, jirani wa chini, yule mwenye duka la masanduku, ameripoti kwamba kila Jumamosi husikia vishindo na vitu vikiburutwa. Nikamwambia ni brashi na vitanda. Akaniuliza, bila ubaya wowote, kama hayo ni maneno ya mama au ni yangu.

Hapo ilibaki sentensi moja tu ya kusema, nayo ilikuwa yangu: siku ile nilikosea. Sikuisema. Nilifikiria cheti changu, nikafikiria wakalimani wenzangu watakavyonicheka, nikafikiria wakubwa wa ofisi watakavyouliza ni mara ngapi nyingine nimekosea. Nikajiambia mambo yatajinyoosha yenyewe, kwa kuwa mama amekwisha kukanusha. Mtu akitaka kujidanganya hakosi sababu.

Afisa akamwita Fortunat, akamweleza kwamba kuna taarifa imewafikia, kwamba hawezi kusema imetoka kwa nani, na kwamba lingekuwa jambo la busara yeye akae kwingine kwa muda mfupi mpaka uchunguzi umalizike. Hakulazimishwa, alisema. Nilikalimani neno kwa neno. Fortunat alivua glavu, akazikunja vizuri.

"Nikikataa," akaniuliza, "bataandika kwamba nimekataa?"

Nikamuuliza afisa. Akasema ndiyo, ingebidi.

Mtu aliyeishi miaka mitano akingojea barua ya kuruhusiwa kukaa katika nchi anajua uzito wa kuandikwa. Fortunat hakubishana. Alitia nguo chache kwenye begi, akampigia simu Aristide, rafiki yake wa kwaya anayekaa Harrow, akamwambia anakuja kulala huko siku mbili tatu. Gloire akatoka akamuuliza kwa Kiingereza anakwenda wapi. Baba akamjibu kwa Kiswahili kwamba anakwenda kazini. Mtoto akasema leo si siku yako ya kazi, naye kwa Kiingereza chake, na baba akafunga zipu ya begi.

Siku mbili tatu zikawa wiki tisa.

Nitakueleza wiki hizo zilivyokwenda, kwa sababu baadaye Anne-Marie alinihadithia. Walikuwa wamepangilia maisha yao kwa zamu. Mama akiondoka alfajiri, baba ndiye anayerudi, anamwamsha mtoto, anampa pampu yake ya pumu huku akimsimamia, anampeleka shule, kisha anasugua ukuta ndipo analala. Sasa baba hayupo. Mama hakuweza kuacha zamu, maana wazee hawangojei na msimamizi wake hakuwa na subira. Akamwachia mtoto jirani mmoja Mkenya, Njeri, mtu wa roho safi, lakini pampu ikawa inatumiwa leo, kesho imesahauliwa. Ukuta haukusuguliwa. Mvua za Aprili zikaingia kwa kasi yake, na kuvu likarudi likafika mpaka kwenye mlango.

Mwishoni mwa Aprili Gloire akapelekwa hospitali kwa gari la wagonjwa, midomo imebadilika rangi. Niliitwa asubuhi yake. Nilipoliona jina kwenye karatasi ya kazi nilitamani kusema naumwa, na haki ya Mungu nilikuwa naumwa.

Mtoto alikuwa amelazwa na kifaa cha hewa usoni, anachora picha kwa mkono mmoja. Alikuwa salama. Daktari wa watoto, mwanamke kijana mwenye viatu vya mpira, alivuta kiti akakaa karibu na Anne-Marie. Hakuuliza mambo ya nyumbani yakoje. Aliuliza: "Chumba anacholala mtoto kikoje? Kina joto? Kuta zake zikoje?"

Nilikalimani swali hilo pole pole, kila neno mahali pake, na jibu la Anne-Marie nikalikalimani hivyo hivyo, na pale aliposema nyumba nilisema jengo, kuta, dari, maji. Daktari alitikisa kichwa kwa hasira. Akaniambia niseme kwa mama kwamba dawa zote za duniani hazimsaidii mtoto anayelala ndani ya chumba kile, na kwamba leo hii atawaandikia watu wa nyumba wa kaunsili, yaani halmashauri ya mtaa, barua ambayo hawataipenda. Anne-Marie alianza kulia bila sauti. Nilikuwa nikimtazama yule daktari na nikimhusudu, kwa sababu alichofanya ni kuuliza tu, na mimi nilikuwa na mdomo wangu siku zote.

Daktari alipoondoka nilimfuata Anne-Marie kwenye korido, penye mashine ya chai, nikamwambia. Nikamwambia kwamba kwetu nyumba ni ndoa, kwamba siku ile ya Februari nilimwambia daktari mumewe anampiga, kwamba yote yaliyofuata yametoka kinywani mwangu.

Akacheka, kicheko kifupi. "Kwenu nyumba ni bwana?"

"Ni ndoa."

"Kwetu nayo bwana anaweza kuoza," akasema, "lakini tunamutaja jina." Halafu kicheko kikamtoka usoni. "Fortunat anajua?"

"Hajui."

"Basi utamwambia wewe. Mimi sitamwambia. Nikimwambia mimi, atafikiri najitetea, atafikiri nilisema kweli na sasa naogopa. Wewe njo utamwambia. Na uwaambie na wale benye kalamu."

Nikamwahidi. Na sikufanya. Sina la kujitetea hapa, na wewe usinitafutie. Barua ya daktari ilifanya kazi yake haraka kuliko nilivyotazamia. Mkaguzi akaja, akapima maji kwenye kuta, akaifunga ile nyumba. Mwishoni mwa Mei familia ikapewa fleti nyingine Kingsbury, ghorofa ya kwanza, madirisha mapya, kuta kavu. Uchunguzi wa watu wa ustawi wa jamii ukamalizika, Fortunat akarudi kwa mkewe. Kila nilipoyasikia haya nilijiambia, umeona Ghalia, yamejinyoosha. Nilimuepuka Anne-Marie kama mtu anayemkimbia mwenye duka anayemdai.

Agosti akanipigia simu mwenyewe, kutoka namba aliyoipata kwa Njeri, anayejuana na Waswahili wote wa Hounslow. Hakunilaumu. Alisema wamepika, niende Jumapili nikale, na kwamba kuna barua ya Kiingereza Fortunat anataka isomwe na mtu anayejua. Nilielewa kwamba ananipa nafasi, na kwamba hatanipa nyingine.

Nilikwenda. Ilikuwa siku ya joto, barabara ya Kingsbury imejaa watu wanaonunua maembe ya India kwa maboksi. Fleti yao ilikuwa ndogo na safi, madirisha wazi. Gloire alikuwa akiruka kamba kwenye ujia wa nje, anahesabu kwa Kiingereza, na alifika mia moja na kitu bila ya kusimama kuvuta pumzi. Nilimsikiliza kifua chake kwa masikio yangu yote. Hakikuwa na sauti. Nilifurahi, furaha ya kweli, na furaha hiyo ilinitia aibu zaidi.

Tulikula ugali na sombe, kisamvu chao, na samaki. Fortunat alinikaribisha kwa adabu, akanimwagia maji ya kunawa, lakini nilimwona alivyobadilika. Alikuwa akikaa kwenye meza ile mithili ya mgeni. Mkewe akimwambia kitu anajibu, akiulizwa anasema sawa. Mtoto alipoingia akamrukia mgongoni, alimshusha chini taratibu, akatazama mlango uliokuwa wazi, kisha akampapasa kichwa. Anne-Marie aliona nilivyoona. Akaondoa sahani.

Fortunat akaleta barua. Ilikuwa kutoka kwa watu wa ustawi wa jamii, kurasa mbili. "Nilimuomba Aristide anisomee," akasema, "akaniambia ni mambo yameisha. Lakini kurasa mbili si za kusema mambo yameisha. Nisomee yote, mama. Usiache kitu."

Nikaanza. Kwamba uchunguzi umefungwa. Kwamba hakuna hatua nyingine itakayochukuliwa. Kwamba kumbukumbu za shauri hili zitahifadhiwa kwenye faili kwa miaka mingi, kama ilivyo kawaida.

"Miaka mingapi?"

"Mpaka Gloire awe mtu mzima. Na zaidi."

Akakubali kwa kichwa. "Endelea."

Sentensi iliyofuata niliiona kabla ya kuisoma, na nikasita. Nilikuwa na njia ya kupita. Ningeruka mstari mmoja, nani angejua? Hii ni kazi ambayo mtu anakuamini kwa kuwa hana jinsi nyingine.

"Kuna nini hapo?" akauliza Fortunat.

Nikasoma: "Shauri hili lilifunguliwa baada ya mama wa mtoto kumweleza daktari wake kwamba ndoa yake ni ya ugomvi, na kwamba mumewe humpiga."

Kamba ya Gloire ilisikika nje, inapiga sakafu. Anne-Marie alikuwa amesimama kwenye sinki, mgongo umetugeukia, hakugeuka. Fortunat hakumtazama. Aliitazama mikono yake mwenyewe juu ya meza.

"Nilijua," akasema. "Wiki tisa kwa Aristide nilijiambia ni yule jirani wa chini. Lakini usiku nilijua ni yeye. Nikaanza kukumbuka miaka yote ya ndoa yetu, mwaka mumoja mumoja, natafuta nilimufanyia nini. Nilitafuta mpaka nikapata. Kule kambini nilimusukuma mara moja, tukigombania jerikani ya maji. Nikasema ni hiyo. Ni hiyo hajasahau. Na nikasema eko na haki."

"Sikumbuki hiyo jerikani," Anne-Marie akasema, bado hajageuka.

"Mimi nakumbuka."

Nikaiweka barua chini. "Kaka Fortunat," nikasema, "mkeo hakusema hivyo. Hakuwahi kusema hivyo. Alisema nyumba imeoza, akimaanisha kuta, na mimi nikamwambia daktari kwamba ni ndoa. Alisema unapigana, akimaanisha na kuvu, nikasema unampiga. Nilijua kosa langu tangu Machi, siku ile ulipofunga begi. Nilisimama pale nikakuona ukifunga begi, nikanyamaza. Nilimwambia mkeo Aprili, akanituma nikwambie wewe, sikukwambia. Ni mimi."

Nilitegemea atapiga meza. Ningependa angepiga. Alinitazama, macho yamejaa machozi yasiyomwagika, kisha akageuka akamtazama mkewe, na huyo naye sasa alikuwa amegeuka, mikono inachuruzika maji ya vyombo.

"Ulijua tangu Aprili?" akamuuliza.

"Nilijua."

"Na ulinyamaza."

"Nilitaka ukweli utoke kwa yeye. Ungeniamini mimi?"

Akafikiri kwa uaminifu, nilimwona akifikiri. "Hapana," akasema. "Nisingekuamini."

Anne-Marie akaja akaketi kando yake, karibu, bega kwa bega. Hakuna aliyenifukuza na hakuna aliyeniambia nimesamehewa. Niliwaomba karatasi. Wakanipa daftari la shule la Gloire, lenye mistari mipana ya watoto. Nikaandika kwa Kiingereza, kwa watu wa ustawi wa jamii, kwa Daktari Kailash na kwa ofisi iliyoniajiri, nikaeleza tarehe, neno nililosikia, neno nililosema, na kwamba mama hakutoa malalamiko yoyote juu ya mumewe. Nikaomba karatasi hiyo iwekwe ndani ya faili lile lile, ikae kwa miaka ile ile. Nikaandika jina langu lote na namba ya cheti changu. Nilijua kwamba baada ya barua hiyo ofisi haitanipigia simu tena, na kweli haikunipigia. Msabaha alikishusha cheti mwenyewe, kimya kimya, bila ya mzaha.

Lakini hapo nilikuwa bado sijamaliza. Fortunat alitaka asomewe, basi nikamsomea kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi, na safari hii nilisema nyumba, kisha nikanyoosha kidole kwenye ukuta. Alisikiliza huku amefumba macho. Nilipofika mahali nilipoandika kwamba haya yote yalitokana na kosa dogo la lugha, akayafumbua.

"Soma tena hiyo."

"Kosa dogo la lugha."

"Futa hiyo 'dogo'," akasema.

Nikaifuta.